ZANA ZA NYUMBANI KATIKA SOMO LA SAYANSI
Masomo sita kwa walimu wa shule za msingi na sekondari

Utangulizi

Katika baadhi ya vitabu vya fizikia vilivyopata kutumika shuleni mwetu, mfano wa wenzo wa aina ya pili ulikuwa kibanio cha kuvunjia njugu za Ulaya zenye ganda gumu. Mwanafunzi wa Newala, ambaye nyumbani kwao korosho hubanguliwa kila msimu, hajapata kukiona kibanio hicho wala njugu zenyewe. Hata hivyo hukichora katika daftari lake, huandika pembeni maneno “egemeo”, “mzigo” na “jitihada”, na akibahatika hupata alama zote. Jioni hurudi nyumbani akasukuma toroli lenye madumu ya maji, nalo ni wenzo wa aina ile ile, asitambue kwamba fizikia aliyoandika asubuhi iko mikononi mwake.

Hasara inayotokana na hali hii ni kubwa kuliko kukosa jibu la mtihani. Mwanafunzi hujifunza kwamba sayansi ni mali ya watu wa mbali, na kwamba vitu vya nyumbani kwao havistahili kuulizwa maswali. Mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitaka kuunganisha shule na maisha ya jamii inayoizunguka. Mara nyingi agizo hilo lilitafsiriwa kuwa ni kulima shamba la shule. Jembe liliingia shuleni, lakini halikuingia darasani: wanafunzi walilishika saa za kazi, kisha wakaliacha mlangoni saa za masomo.

Makala haya yanakusudia kuliingiza jembe darasani, pamoja na kinu, mtaimbo, mizani na ndoo ya kisimani. Ndani yake mna masomo sita yanayoweza kufundishwa kuanzia darasa la tano hadi kidato cha pili, bila maabara na kwa gharama ndogo mno. Mwalimu aweza kuyafuata kama yalivyo, au kuyageuza kulingana na mazingira yake.

Zana ni nini?

Zana ni kitu chochote ambacho binadamu hukishika ili mkono wake uweze kufanya jambo ambalo usingeliweza peke yake, au ungeliliweza kwa shida. Jiwe lililookotwa kwa ajili ya kupasulia nazi ni zana kwa wakati ule. Jiwe lililochongwa ili liwe na makali ni zana kwa maana iliyo kamili zaidi, kwa kuwa aliyelichonga alifikiri kazi kabla ya kuifanya.

Ushahidi wa kale kabisa wa fikra hiyo umepatikana katika nchi zetu. Mawe yaliyochongwa yaliyogunduliwa Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, na kutangazwa mwaka 2015, yana umri wa miaka milioni 3.3. Zana za Bonde la Oldupai zilizochunguzwa na Mary Leakey zina umri upatao miaka milioni 1.8, na utamaduni wa zana za namna hiyo umepewa jina la bonde hilo hilo duniani kote. Isimila, karibu na mji wa Iringa, kuna mashoka ya mawe yaliyochongwa pande zote mbili kwa ustadi. Kuhusu chuma, mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria. Walionyesha kwamba wahunzi wa huko waliyeyusha chuma kwa ufundi wa hali ya juu yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mwalimu ayataje mambo haya mwanzoni, ili mwanafunzi ajue kwamba anapoichunguza zana anaendelea na kazi iliyoanzia nyumbani.

Matayarisho

Vifaa vinavyohitajika ni hivi: ufito mnyoofu wa urefu wa mita 1, uzi, waya mwembamba, vizibo vya soda vipatavyo 40, ubao wa urefu wa sentimita 120, kamba ya mita 5, mipini miwili ya jembe, utepe wa mpira uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, chupa ya maji, udongo wa mfinyanzi, na kinu pamoja na mchi wake.

Yafaa kutahadhari mapema. Wanafunzi wasiagizwe kuja shuleni na panga, shoka wala kisu. Zana zenye makali aziazime mwalimu mwenyewe, azifunge kwa gunia, na aziweke mezani pake. Nyingine zaweza kuletwa kwa mchoro tu.

Somo la kwanza: Kuzipanga zana kwa kazi zake

Mwalimu aanze kwa kuwaomba wanafunzi waandike majina ya zana zote zilizomo nyumbani mwao, kila mmoja kwa lugha anayoijua, kisha darasa litafute jina la Kiswahili. Orodha itakuwa ndefu kuliko mwalimu alivyotazamia: kinu, mchi, mbuzi ya kukunia nazi, ungo, kibatari, jembe, mundu, shoka, tezo, randa, patasi, tupa, koleo, keekee, mvukuto, bisibisi, sindano.

Hatua ya pili ni kuzipanga. Mwalimu asitoe makundi. Awaache wanafunzi wabishane. Wengine watazipanga kwa mahali (za jikoni, za shambani, za seremala), wengine kwa kitu zilichotengenezewa, na wengine kwa mtumiaji. Mabishano yakipamba moto, aulize swali moja: “Zana hii inafanya nini kwa kitu inachokigusa?” Hapo makundi mapya yatajitokeza: zinazokata na kupasua, zinazoponda na kusaga, zinazonyanyua, zinazoshika, zinazochuja, na zinazopima. Sindano na shoka zitakutana katika kundi moja, ingawa moja hukaa katika kikapu cha ushonaji na nyingine katika banda la kuni.

Zipo zana zitakazokataa kukaa katika kundi moja, na hizo ndizo zenye mafunzo mengi. Jembe hukata udongo likiingia, kisha huunyanyua likitoka. Mbuzi ya kukunia nazi hukwaruza kwa meno yake madogo, na kila jino ni kabari. Lakini kibao chake ni kiti, ili uzito wa mpishi mwenyewe uizuie mbuzi isitoroke. Aliyeibuni aliondoa haja ya mtu wa pili wa kuishika. Mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe, hataitazama tena mbuzi kwa jicho lile lile.

Somo la pili: Wenzo

Fungeni uzi katikati ya ufito, kwenye alama ya sentimita 50, na kuuning'iniza hadi utulie sawasawa. Tungeni vizibo vya soda kwenye waya katika mafungu. Upande wa kushoto tundikeni vizibo 12 kwa umbali wa sentimita 10 kutoka katikati. Kisha wanafunzi watafute, kwa kujaribu, ni mahali gani upande wa kulia pa kutundika vizibo 6 ili ufito urudi sawa; halafu vizibo 4; halafu 3. Watapata majibu haya:

Vizibo 6: sentimita 20
Vizibo 4: sentimita 30
Vizibo 3: sentimita 40

Mwalimu asiseme kanuni. Awaulize kuna uhusiano gani kati ya safu hizo mbili za namba. Baada ya dakika chache yupo atakayetambua kwamba 6 mara 20, 4 mara 30 na 3 mara 40 zote ni 120, sawa na 12 mara 10. Hiyo ndiyo kanuni ya wenzo ambayo Arkimede wa Sirakusa aliithibitisha kwa hoja za jiometri katika karne ya tatu kabla ya Kristo: kani ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo, pande zote mbili hulingana.

Sasa twendeni kwenye mtaimbo. Tuseme mtaimbo una urefu wa sentimita 150, na kijiwe cha egemeo kimewekwa sentimita 15 kutoka ncha iliyo chini ya mwamba. Mkono wa jitihada ni sentimita 135, yaani mara 9 ya mkono wa mzigo. Mtu akikandamiza kwa kani ya nyutoni 300, mwamba hupokea nyutoni 2,700, zinazotosha kuinua uzito wa takriban kilogramu 270. Wanafunzi watafurahi. Furaha hiyo isiachwe ipite kabla ya kuulizwa: je, tumepata kitu cha bure?

Hapana. Mkono ukishuka sentimita 45, mwamba huinuka sentimita 5 tu. Kazi iliyofanywa na mkono ni 300 mara 0.45, yaani jouli 135. Kazi iliyopokewa na mwamba ni 2,700 mara 0.05, nayo pia ni jouli 135. Zana haikuongeza kazi. Ilibadilisha tu namna ya kuilipa. Mfano wake ni deni la shilingi elfu tisa linalolipwa kwa awamu tisa za shilingi elfu moja moja: kila awamu ni nyepesi, lakini deni ni lile lile. Sentensi hii iandikwe ubaoni na ibaki hapo hadi mwisho wa somo la sita: hakuna zana inayotoa kazi ya bure.

Aina tatu za wenzo zifundishwe baada ya hapo, kwa kuuliza nini kiko katikati. Katika mkasi, koleo na mtaimbo, egemeo liko katikati. Katika toroli na kifungulio cha chupa za soda, mzigo uko katikati. Katika ufagio wa mpini, ndoana ya ufito na kibano cha makaa, jitihada iko katikati. Aina hii ya tatu huwatatiza wanafunzi, kwa sababu humpotezea mtumiaji kani badala ya kumwongezea. Jibu ni kwamba humwongezea mwendo: mkono husogea kidogo, ncha ya ufagio husogea sana.

Somo la tatu: Mizani ya sokoni

Somo hili ni fupi, nalo lina faida ya papo hapo. Mizani ya mikono miwili ni wenzo wenye mikono sawa. Waulizeni wanafunzi: je, kama mikono si sawa?

Chukueni ufito ule ule, mfunge uzi wa kuuning'iniza pembeni kidogo ya katikati, na mfunge kipande cha udongo upande mfupi hadi ufito utulie sawa. Kwa macho, mizani hii haina kosa. Sasa tuseme mkono mmoja ni sentimita 10 na mwingine 11. Muuzaji akiweka jiwe la kilogramu 1 kwenye mkono mfupi na sukari kwenye mkono mrefu, mizani italingana sukari ikiwa gramu 909 tu, kwa kuwa 1,000 mara 10 ni sawa na 909 mara 11 kwa kukadiria. Mnunuzi amepunjwa gramu 91, na muuzaji hakugusa jiwe wala hakukandamiza sahani.

Dawa ni nyepesi. Mnunuzi aombe vitu vibadilishane sahani. Mizani ya haki haitageuka. Mizani ya hila italala upande mmoja mara moja, kwa kuwa sasa jiwe lile la kilogramu 1 lingehitaji gramu 1,100 za sukari. Wanafunzi wa sekondari wazidishe 909 kwa 1,100, kisha watafute kipeuo cha pili cha jibu: watapata 1,000 kwa kukadiria, yaani uzito wa kweli wa jiwe. Kwa hiyo hata kwa mizani mbovu mtu mwenye elimu aweza kupata kipimo sahihi, mradi apime mara mbili.

Mizani za aina nyingine, kama zile za springi, hazipimwi kwa njia hii. Kuzikagua ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Lakini mwanafunzi aliyefanya jaribio hili amejua jambo kubwa: kutulia sawa kwa mizani tupu si ushahidi wa haki.

Somo la nne: Makali na ncha

Finyangeni tonge la udongo lililo laini kiasi. Chukueni kijiti kimoja kilichochongwa ncha upande mmoja na kuachwa bapa upande mwingine. Kisimamisheni juu ya udongo kwa upande bapa, mweke kitabu kizito juu yake kwa hesabu ya hadi kumi, na mpime kimezama milimita ngapi. Rudieni kwa upande wa ncha, kwa kitabu kile kile. Uzito haukubadilika, kilichobadilika ni eneo linaloupokea.

Hesabu ya kisu hufafanua zaidi. Tuseme mpishi anakandamiza kwa kani ya nyutoni 20 juu ya muhogo, na sehemu ya makali inayogusa ina urefu wa sentimita 5. Makali yakiwa na unene wa milimita 1, yaani kisu butu, kanieneo ni paskali 400,000. Yakinolewa hadi milimita 0.1, kanieneo huwa paskali 4,000,000. Kwa mkono ule ule na muhogo ule ule, mkandamizo umekuwa mara kumi. Ndiyo sababu kisu butu ni hatari kuliko kikali: mtumiaji hulazimika kuongeza kani, na kani iliyozidi ndiyo inayompeleka kwenye kidole.

Makali peke yake hayatoshi kulieleza jembe. Mkulima hasukumi jembe lizame, hulirusha. Tuseme bamba la jembe lina tungamo la kilogramu 1.5, nalo linashuka kutoka kimo cha mita 1.5. Tukikadiria uzito wa kila kilogramu kuwa nyutoni 10, nishati inayokusanywa njiani ni 1.5 mara 10 mara 1.5, yaani jouli 22.5, bila kuhesabu nguvu anayoongeza mkulima. Udongo ukilisimamisha jembe ndani ya sentimita 5, kani ya wastani ni 22.5 gawanya kwa 0.05, yaani nyutoni 450. Huo ni mkandamizo wa mara 30 ya uzito wa jembe lenyewe! Nishati ilikusanywa katika safari ndefu, ikatumiwa katika safari fupi. Nyundo, shoka na mchi hufanya kazi kwa siri hiyo hiyo.

Hapa yafaa kujadili urefu wa mpini. Mpini mfupi humlazimisha mkulima kuinama mchana kutwa. Mpini mrefu hunyoosha mgongo na huongeza mwendo wa bamba, lakini huhitaji nafasi na ustadi. Wanafunzi waulize nyumbani ni nani anayetumia mpini upi, kwa udongo gani, na kwa nini. Watagundua kwamba wazee wana sababu zao, na kwamba sababu nyingine zafaa kufikiriwa upya.

Somo la tano: Mwinamo na roda

Kwanza tutengeneze kipimio cha kani. Tundikeni utepe wa mpira wa baiskeli ukutani, mfunge chupa tupu nyepesi chini yake, na muweke alama palipo na mwisho wa utepe. Ongezeni maji mililita 100 kwa mara, mkiweka alama mpya kila mara. Mililita 100 za maji zina uzito wa nyutoni 1 kwa kukadiria, hivyo kila alama ni nyutoni 1. Mpira hauvutiki kwa hatua zilizo sawa kama springi; kwa hiyo kila alama sharti ipatikane kwa kupima, wala isikisiwe kwa rula.

Kwa mzigo, tumieni gari la mabati ambalo watoto hujitengenezea kwa makopo, waya na magurudumu ya kandambili zilizochakaa. Lijazeni mchanga hadi uzito wake ufike nyutoni 8. Inueni mwisho mmoja wa ubao wa sentimita 120 hadi kimo cha sentimita 30, kisha mlivute gari polepole mkisoma kipimio. Kwa kuwa njia ni mara 4 ya kimo, tungetarajia nyutoni 2. Kipimio kitaonyesha zaidi. Kikionyesha, kwa mfano, nyutoni 2.5, basi kazi iliyotumika ni 2.5 mara 120, na kazi yenye faida ni 8 mara 30. Tukigawa 240 kwa 300 tunapata ufanisi wa asilimia 80. Sehemu iliyobaki imeliwa na msuguano. Pakeni ekseli mafuta kidogo mpime tena. Wanafunzi wajionee wenyewe kwa nini fundi wa baiskeli hutembea na kopo la grisi.

Kuhusu roda, ambayo watu wa pwani huiita kapi na kuitumia kupandishia foromali ya jahazi, jaribio la mipini miwili linafaa sana. Wanafunzi wawili wenye nguvu washike kila mmoja mpini wake wa jembe, wakitazamana, mipini ikiwa sambamba kwa umbali wa nusu mita. Fungeni kamba kwenye mpini mmoja, kisha muizungushe kwenye mipini yote miwili mara nne. Mwanafunzi mdogo kuliko wote darasani ashike mwisho wa kamba. Wale wawili wajitahidi kuitenga mipini, naye mdogo avute: mipini itasogeleana. Vidole visikae katikati ya mipini. Baada ya kicheko, waulizeni mdogo amevuta kamba urefu gani, na mipini imesogea kiasi gani. Sentensi iliyoko ubaoni itajibu.

Matumizi yake ni kisimani. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa nyutoni 200. Roda moja iliyofungwa juu ya kisima haipunguzi uzito huo. Humwezesha mtu kuvuta kuelekea chini, akitumia uzito wa mwili wake badala ya kuinama ukingoni. Gogo la kuzungusha hupunguza. Gogo likiwa na nusu kipenyo cha sentimita 10 na mkono wa kuzungushia ukiwa sentimita 40, jitihada ni nyutoni 50 tu, tukiacha msuguano. Kwa kisima cha mita 10 patahitajika mizunguko 16 hivi. Mtoto asiyeweza kuivuta ndoo kwa kamba aweza kuizungusha, ila atakawia.

Somo la sita: Kinu na mchi

Pimeni tungamo la mchi. Tuseme ni kilogramu 3. Mwanafunzi mmoja atwange kwa dakika moja, mwenzake ahesabu, na mwingine apime mchi unapanda kimo gani. Tuseme mapigo ni 40 na kimo ni sentimita 50. Kila pigo lina jouli 15, na dakika moja ina jouli 600. Kutwanga dakika 20 ni jouli 12,000. Misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, hivyo mtwangaji ametumia jouli 48,000 hivi. Nishati hiyo imo katika gramu 3 za sukari, yaani haijai kijiko kimoja cha chai.

Hapo wanafunzi watapinga, na hasa wasichana. Watasema: haiwezekani, mbona ukimaliza kutwanga mabega yanauma na jasho linatiririka? Mwalimu asiwanyamazishe. Pingamizi hilo ndilo somo lenyewe. Hesabu yetu imehesabu kuuinua mchi tu. Haikuhesabu mikono yenyewe inayoinuliwa, wala kiwiliwili kinachoinama na kuinuka, wala nguvu ya kuushindilia mchi chini, wala misuli inayokaza ili mwili usianguke. Katika fizikia, mtu aliyesimama na ndoo kichwani bila kusogea hajafanya kazi yoyote juu ya ndoo. Lakini misuli yake inachoma chakula, naye anachoka. Neno “kazi” la fizikia ni kipimo sahihi cha jambo moja dogo. Si kipimo cha taabu ya binadamu.

Wapimeni mtwangaji mapigo ya moyo kabla na baada ya kutwanga, kwa kuhesabu kwenye kiwiko cha mkono kwa nusu dakika. Kisha jaribuni michi miwili yenye uzito tofauti, na kinu kilichowekwa chini na kilichoinuliwa juu ya tofali. Ni upi unaomaliza kilo moja ya mahindi kwa mapigo machache? Ni upi unaoupandisha moyo mbio kidogo? Majibu hayamo katika kitabu chochote. Darasa litayapata lenyewe.

Somo hili lina jambo jingine la kuangaliwa. Katika masomo mengi ya sayansi mifano huwa ni ya gereji na kiwanda, na mvulana hujiona yuko nyumbani. Hapa mjuzi ni binti. Yeye ndiye ajuaye kubadilisha mikono bila kupoteza mwendo, na namna wawili wanavyotwanga kwa kupokezana michi isigongane. Mwalimu amwite mbele aeleze, na maneno yake yaandikwe ubaoni kama yanavyoandikwa ya mtaalamu yeyote.

Maswali ya kupimia

Maswali ya namna ya “Taja aina tatu za wenzo” hupima kumbukumbu tu. Yafuatayo hupima ufahamu:

1. Toroli lina mzigo wa nyutoni 600 ulio sentimita 40 kutoka kwenye ekseli, na mikono yake iko sentimita 120 kutoka hapo. Msukumaji huinua kwa kani gani? Mzigo ukisogezwa hadi sentimita 60, je? (Majibu: nyutoni 200, nyutoni 300.)
2. Kwa nini mikono ya mkasi wa kukatia mabati ni mirefu na makali yake mafupi, lakini mkasi wa mshonaji ni kinyume chake?
3. Barabara ya kupanda mlima hupigwa kwa kuzungukazunguka. Dereva amefaidi nini, na amelipa nini?
4. Chagua zana moja ya nyumbani kwenu. Eleza ugumu mmoja wa kuitumia, pendekeza badiliko moja, na ueleze utakavyopima kama badiliko hilo limefaa.

Swali la nne ndilo lenye uzito kuliko yote, na halina jibu moja. Alama zitolewe kwa njia ya kupima, si kwa uzuri wa pendekezo.

Hitimisho

Walimu wengi huniambia kwamba hawafundishi kwa vitendo kwa sababu hawana vifaa. Upungufu wa vifaa ni wa kweli, na makala haya hayakusudii kuuficha: hadubini, kemikali na vipimio vya umeme haviwezi kubadilishwa kwa vizibo vya soda. Lakini katika mada ya zana na mashine sahili, vifaa vimejaa katika kila nyumba. Kinachotakiwa ni rula, saa, na mwalimu aliye tayari kuuliza swali ambalo jibu lake hajaliandaa.

Mwanafunzi akishapima mchi wa mama yake, ataweza kupima pia mashine ya kusaga itakayokuja kijijini, na kuuliza inakula mafuta kiasi gani kwa gunia, na nani atakayelipa. Asiyejifunza kukiuliza kilicho karibu atakipokea kila kitakacholetwa kutoka mbali bila ya kujua bei yake. Mwalimu na aanze na somo moja wiki ijayo. La mizani ndilo fupi kuliko yote, na soko haliko mbali.